Fishi inatuuliza kijiji cha babu

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kadutu, Ibanda na Bagira, Bukavu, mwezi wa 4 mwaka 2023

Wenye kuacha kazi kusudi mutusikie, asanti. Na sisi tusio na kazi, asanti kwa kuacha kukaa bule.

Wengi kati yetu tuliomaliza iniversite tunaijua fishi. Ukienda kuomba kazi wanakupa fishi. Ukienda komini kutafuta karatasi, fishi. Jina lako, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa: Bukavu. Unafikiri umemaliza, kumbe mistari inaendelea: kijiji cha asili, grupema, sheferi, teritware, provensi. Mutu amezaliwa Bukavu, amekomalia Bukavu, amesomea Bukavu, anakosea kazi Bukavu, lakini fishi haimuulizi Bukavu. Inauliza kijiji cha babu yake.

Mumoja wetu alisimama mbele ya gishe na kumupigia mama yake simu kusudi amuulize jina la grupema, juu kule hajafikaka hata siku moja. Mwenye kupokea fishi akamwangalia usoni, akaangalia pua, akaangalia urefu, akamuuliza: «Weye ni wa wapi kabisa?»

Lile neno «kabisa» njo limetukutanisha leo.

Musifikiri ni kiburi cha karani mumoja tu. Karani amefuata njia ambayo sheria ilimufungulia. Katiba yetu ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 10, inasema Mukongomani wa asili ni kila mutu wa makabila ambayo watu wao na udongo wao vilikuwa ndani ya inchi iliyokuja kuwa Kongo, wakati wa uhuru. Musome polepole. Haisemi: aliyezaliwa hapa. Inaanza na kabila. Kusudi uingie ndani ya inchi, sherti upitie kwanza ndani ya kabila, na kabila sherti liwe kwenye hesabu ya wanaokubaliwa. Uraia wetu uko kama nyumba yenye mulango mumoja, na kwenye mulango ule kuko babu amekaa, anauliza.

Miezi hii, ndani ya kikundi chetu cha kusoma, tulikuwa tunapokezana kazi ya mwanasosiolojia mumoja wa Marekani, David Scott FitzGerald, aliyoifanya pamoja na mwenzake David Cook-Martín. Kitabu kilitoka mwaka 2014, kwa Kiingereza. Wenye kujua lugha ile walitutafsiria usiku, wakati telefone ziko na moto. Wale wawili walichukua sheria za uhamiaji na za uraia za inchi 22 za Amerika, Kaskazini mpaka Kusini, kuanzia 1790 mpaka 2010, na kuuliza swali ambalo hata mutoto anaweza kuuliza: ni nani aliandika ubaguzi wa rangi ndani ya sheria, na ni nani aliufuta, na sababu gani?

Sisi tulifikiri jibu tunalijua tayari. Tumekomalia ndani ya inchi ambayo wakubwa wanatuuza. Kwa hiyo tulisema: ubaguzi ni kazi ya wadikteta, na siku raia anapopata sauti, ubaguzi unakufa.

Jibu lao lilitufunga mudomo. Wanaonyesha kama Marekani na Canada, inchi za uchaguzi, za bunge na za magazeti huru, zilikuwa kati ya zile za mbele kufunga mulango kwa kufuata rangi, na zilichelewa sana kuufungua. Inchi kadhaa za Amerika ya Kusini, ambazo nyingi kati yao hazikuwa na demokrasia ya kweli, zilianza kufuta maneno ya rangi ndani ya sheria zao kizazi kizima mbele ya wakubwa wale wa Kaskazini.

Ilikuwa vipi? Tuangalie Marekani. Mwaka 1790 sheria yao ya kwanza ya kumupa mugeni uraia ilisema anayeweza kuupata ni mutu mweupe aliye huru, basi. Mwaka 1870 waliongeza watu wa asili ya Afrika. Mwaka 1882 waliwafungia mulango wafanyakazi kutoka China. Wachina wale njo walikuwa wamevunja mawe ya milima kusudi treni ipite mpaka California, na njia ile ilimalizika 1869. Ni nani alitaka wafungiwe? Hakukuwa mufalme wa kuamuru. Ilikuwa vyama vya wafanyakazi kule California, watu wenye njaa, wenye kuogopa kukosa kazi, watu kama sisi. Walipiga kelele barabarani kama Wachina wanakula kazi zao. Na walikuwa na kura. Vyama vikubwa viwili vya siasa vilitaka kura za California, vikasikiliza, na sheria ikapita. Demokrasia ilifanya vile inavyofanyaka: ilisikia sauti ya wengi.

Canada vilevile. Mwaka 1885 iliweka kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Muchina anayeingia. Mwaka 1903 kodi ikafika dola 500. Mwaka 1923 mulango ukafungwa karibu wote.

Na ni nini ilikuja kuufungua? Pale tena tulitaka kusikia kama raia walitubu. Kidogo, ndiyo, kulikuwa watu wenye roho nzuri waliopigana miaka mingi. Lakini FitzGerald na mwenzake wanasema nguvu kubwa ilitoka inje. Mwaka 1943 Marekani ilifuta ile sheria ya kuwafungia Wachina, juu China ilikuwa inapigana pamoja nayo na Japani. Hata vile iliwapa nafasi 105 tu kwa mwaka. Kisha ikaja vita baridi, na ikaja miaka ya uhuru. Mwaka 1960 inchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Kongo yetu ndani yake, zikaingia Umoja wa Mataifa, kila moja na kura yake. Marekani ilitaka urafiki wa inchi zile mpya na wakati uleule sheria yake iliendelea kuwadharau watu wao. Mwaka 1965 ikaacha kuchagua wageni kwa kufuata asili yao. Basi musikie vizuri: uhuru wa bababu zetu ulikuwa kati ya mikono iliyosukuma mulango ule.

Wanasosiolojia wale hawasemi demokrasia ni mbaya, na sisi hatusemi vile. Tumepigwa fimbo juu ya kuomba uchaguzi, na tutaomba tena. Wanachosema ni kama kura ni chombo. Kinabeba haki, na kinabeba hasira pia. Pale wengi wanapomuona jirani kama adui, wanaweza kumutupa inje bila dikteta hata mumoja, kwa njia safi kabisa, na mukono juu.

Kuko hadisi moja ya wakati ule ambayo tunataka muende nayo nyumbani. Kijana mumoja, Wong Kim Ark, alizaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina. Kazi yake ilikuwa mupishi. Mwaka 1895 alirudia kutoka kutembelea China, na ku bandari wakamukatalia kushuka. Walimuambia: weye ni Muchina. Kwa lugha yetu: «Weye ni wa wapi kabisa?» Alikwenda mbele ya sheria. Wakati ule karibu kila mutu kule California alikuwa kinyume na watu wa sura yake. Mwaka 1898 korti kubwa ya Marekani ilisoma katiba yao, ile sehemu iliyoandikwa 1868 kisha vita ya kumaliza utumwa, yenye kusema aliyezaliwa ndani ya inchi ni raia wa inchi. Ikasema: kijana huyu ni raia. Umati haukumuokoa. Alichokuwa nacho ni mustari mumoja wa katiba uliokuwa umeandikwa wazi, na waamuzi ambao siku ile hawakuogopa umati.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Wakongomani mustari wetu tumeuandika mara ngapi?

Mwaka 1964 Katiba ya Luluabourg ilisema Mukongomani ni mwenye babu wa kabila lililokuwa hapa mbele ya tarehe 18 mwezi wa 10 1908. Mwaka 1972, chini ya Mobutu, sheria ikasema watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu mbele ya tarehe 1 mwezi wa 1 1950 ni raia. Mwaka 1981 ikaja sheria ingine, ikafuta ile, ikataka babu wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya tarehe 1 mwezi wa 8 1885. Mwaka 2004 sheria ikarudisha tarehe kwenye uhuru, 1960, na katiba ya 2006 ikafuata.

Muone ginsi tarehe inaruka: 1908, 1950, 1885, 1960. Muzee mumoja, ndani ya nyumba moja, na shamba moja, bila kusogea hata hatua moja, amelala mugeni, ameamuka raia, amelala tena mugeni. Hakuvuka mupaka. Mupaka njo ulimuvuka yeye.

Na ile tarehe ya 1885, muangalie ziwa letu pale chini. Mwaka 1885 hakuna muzungu aliyekuwa amefika kwenye Ziwa Kivu. Götzen alilifikia 1894. Mipaka ya huku kwetu Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walikubaliana nayo mwaka 1910, kule Bruxelles, mbele ya meza. Na kisha Wabelgiji walewale, kuanzia 1937 mpaka 1955, walichukua familia kutoka Rwanda na kuzipandisha Masisi, juu walitaka mikono ya kazi, na juu kule njaa na wingi wa watu viliwasumbua. Wengine waliwapeleka Katanga ndani ya mugodi. Familia zingine zilikuwa huku Kivu zamani, mbele muzungu hajachora kitu. Wote hawa sheria imewaingiza ndani ya gunia moja, na kila wakati mwanasiasa anapotafuta kura, gunia linafunguliwa ao kufungwa.

Hapa maneno ya FitzGerald yalitupiga tena. Mwaka 1972 nani alifungua mulango? Dikteta, na watu wanasema mukono wa Bisengimana, mukubwa wa biro yake, ulikuwa ndani. Mwaka 1981 nani aliufunga? Kamati ya sheria, bunge la wakati ule, na Mobutu akatia sahihi. Wajumbe wa Kivu waliogopa hesabu ya kura za wengine. Zawadi ya dikteta ilidumu miaka 9. Kile mutu mumoja amekupa asubuhi, anaweza kukunyanganya magaribi, na raia wengine wanapiga mikono.

Kisha tarehe 28 mwezi wa 4 1995 bunge la mpito likapitisha azimio lenye kuwaita wote wa asili ya Rwanda na Burundi wageni wa kurudishwa, waliokuja jana na wenye bababu waliozikwa hapa, bila kuwatofautisha. Mwaka uliofuata vita ikaingia. Hatusemi azimio lile peke yake lilileta vita. Kulikuwa jinoside ya 1994 kule Rwanda, kulikuwa kambi za wakimbizi na silaha ndani yake hapa kwetu, kulikuwa tamaa ya majirani juu ya mali yetu. Lakini lilimupa kila mwenye bunduki sababu ya kusema: naenda kuwaokoa wenye walitupwa. Mupaka wenyewe haukutosha kumuzuia.

Na musiseme jambo hili ni la Wanyarwanda tu. Mwaka 1992 na 1993, kule Katanga, waliofukuzwa walikuwa watu wa Kasai. Hakuna sheria yoyote iliyowahi kusema Muluba wa Kasai si Mukongomani. Wengi wao walizaliwa kule, bababa zao waliletwa na kampuni ya shaba na ya njia ya treni. Maelfu na maelfu walilala ku gare za Likasi na Kolwezi wakingojea treni ya kuwapeleka kwenye kijiji cha babu, kile cha ku fishi. Watoto wengi walikufa pale. Swali la «wa wapi kabisa» likikubaliwa mara moja, halina mwisho. Leo linaanza na mwenye pua ndefu, kesho linafika kwa mwenye kutoka provensi ingine, kesho kutwa ni weye wa Bagira kwa mwenye kutoka Ibanda.

Sasa tuseme yetu wenyewe, juu si vizuri kuhubiri kwa wengine tu.

Mwaka 2021 projet ya sheria iliingia bungeni, iliyotoka kwenye mawazo ya Noël Tshiani, ya kusema uraisi na nafasi zingine za juu ziwe za mwenye baba na mama wote wawili Wakongomani. Wengi waliona inamulenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Rhodes. Lakini sheria haina jina la mutu mumoja. Sheria ya 2004 inasema mutoto mwenye muzazi mumoja Mukongomani, baba ao mama, ni Mukongomani tangu kuzaliwa. Ile mupya ingemuambia: ni kweli, lakini nusu. Ndani ya mitaa hii kuko watoto wangapi wenye muzazi mumoja wa Kamembe, wa Bujumbura, wa Uganda? Tuwaweke ngazi ya pili? Na tuseme kweli: wakati projet ile ilitangazwa, wenzetu wengi waliipenda. Hata ndani ya kikundi chetu mikono ilipigwa. Tulijiambia ni uzalendo.

Na kuko jambo lingine, linatuuma zaidi. Ndani ya maandamano yetu mamoja, siku si nyingi, tulikuwa tunapinga vita na wenye kuisaidia. Haki ilikuwa yetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kama jeshi la Rwanda linasaidia M23, na sisi tutaendelea kulisema kwa sauti: jeshi la inchi ingine likivuka mupaka, ni uvamizi. Lakini kati ya njia wimbo uligeuka. Wakaanza kuimba juu ya sura ya watu. Mama mumoja aliyekuwa anauza ndizi pembeni alifunga beseni yake haraka, akaingia ndani ya kichochoro. Alikuwa na sura ile. Tulimuona. Tulikuwa na mégaphone mukononi. Tulinyamaza, juu umati ulikuwa mukubwa na tulifurahi kuuona mukubwa.

Yule mama hakuvuka mupaka na bunduki. Alivuka barabara na ndizi. Ndani ya miaka hii watu wameuawa mbele ya umati ndani ya inchi yetu juu ya sura tu, na wengine kati yao walikuwa wamevaa uniforme ya jeshi letu wenyewe. Kila mara ilianza na wimbo. Kila mara kulikuwa wenye mégaphone walionyamaza.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo haya, na tunayasema mbele yenu kusudi mutuhesabie.

La kwanza: maandamano yetu yakianza kuimba juu ya kabila ao sura, mwenye mégaphone atayasimamisha palepale. Yakikataa kusimama, si maandamano yetu tena, tutaondoka. Bora tubaki 20.

La pili: tutawaendea wadepite wa muji huu, mumoja mumoja, kuwaomba wakatae ile projet. Watatuambia raia wanaitaka. Tutawajibu: hata sheria ya 1882 raia waliitaka.

La tatu: tunaomba serikali ihesabu watu. Hesabu ya mwisho ya inchi nzima ilikuwa 1984, wengi wetu hatujazaliwa. Karibu kila mutu anatembea na kadi ya muchaguzi kama kitambulisho. Pale hakuna karatasi, sura njo inakuwa karatasi. Na sisi wenyewe, wazazi wapya: sheria inatupa siku 90 za kuandikisha mutoto aliyezaliwa. Tumuandikishe. Tutazunguka nyumba kwa nyumba kuwasaidia wasiojua njia ya komini.

La ine ni refu, na pengine watoto wetu njo watalimaliza: siku moja katiba ya inchi hii imuangalie mutu mbele ya kuangalia kabila lake. Hatusemi kila anayeingia leo apewe uraia kesho. Kila inchi iko na haki ya kuweka masharti, na masharti yaandikwe wazi, yawe sawa kwa wote. Tunasema aliyezaliwa hapa, aliyekomalia hapa, asiyekuwa na inchi ingine, asiamuke kila asubuhi akingojea tarehe mupya.

Tunajua wengine watatoka hapa wakisema tumenunuliwa. Tumeishalizoea neno lile. Aliyetununua alipie basi deni zetu za kodi ya nyumba, juu bado tunadaiwa.

Kesho mumoja wetu atarudi ku gishe na fishi yake. Karani atamuuliza tena: weye ni wa wapi kabisa? Tumepatana kila mutu wa kikundi hiki ajibu vilevile, awe Mushi, Murega, Muhavu, Mubembe, Mufuliiru, Munyamulenge ao Muluba: niko wa hapa. Na kama kuko mwingine nyuma yake ndani ya musitari, mwenye sura inayoleta maswali, asiondoke mpaka yule pia amepokelewa.